Kuiongezea Nguvu Injini ya Gari la Nyumbani

Jioni, baada ya chakula, wanafunzi wengi wa shule yetu hupenda kukaa mbele ya bweni wakibishana habari za motakaa. Mmoja husema gari la aina fulani lina mbio kuliko jingine. Wa pili husema ukikata ekzosi gari hupata nguvu maradufu. Wa tatu huapa kwamba fundi wa kwao aweza kuifanya injini ndogo ishinde kubwa. Mimi nami nilikuwa mmoja wa wabishi hao, mpaka gari la mjomba wangu liliponitia adabu. Kwa kuwa mabishano haya hayana mwisho, nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu jinsi injini ipatavyo nguvu, jinsi iwezavyo kuongezewa, na gharama yake ni nini.

Yatupasa kuanza na injini yenyewe. Ndani ya kila silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Ikishuka mara ya kwanza, valvu ya kuingizia huwa wazi, na hewa iliyochanganyika na petroli huvutwa ndani. Pistoni ikipanda, valvu zote mbili hufungwa na mchanganyiko ule hubanwa katika chumba kidogo kilichoko juu. Hapo plagi hutoa cheche, moto huwaka, gesi hupanuka kwa joto na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pistoni ikipanda tena, valvu ya kutolea hufunguka na moshi hufukuzwa kwenye ekzosi. Katika safari hizi nne, ni moja tu iletayo kazi. Nyingine tatu ni za kuitayarisha hiyo moja na kusafisha baada yake.

Watu wengi hudhani kwamba nguvu hutoka katika petroli, na kwamba ukimwaga petroli nyingi utapata nguvu nyingi. Sivyo. Gramu 1 ya petroli huhitaji karibu gramu 15 za hewa ipate kuungua sawasawa. Lita 1 ya petroli hutaka karibu lita 9,000 za hewa, kiasi cha kujaza chumba kidogo. Petroli ni rahisi kuiingiza. Kazi ngumu ni kuiingiza hewa, kwa kuwa injini ina nafasi fupi sana ya kuvuta pumzi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hushuka kwa muda wa sehemu moja katika mia mbili za sekunde. Basi, mtu atakaye kuongeza nguvu ya injini ajiulize swali moja: nitaiingizaje hewa nyingi zaidi kila dakika, na nitaitumiaje vizuri hewa iliyoingia?

Majibu ya swali hili ni matano. La kwanza ni kuikuza silinda, yaani kuipanua au kuiongezea pistoni mwendo. La pili ni kuifanya injini ivute pumzi vizuri, kwa kupanua njia za hewa, valvu, kabureta na ekzosi. La tatu ni kubana zaidi, maana mchanganyiko uliobanwa sana hutoa kazi nyingi zaidi kwa joto lile lile. La nne ni kuizungusha injini upesi zaidi, ili ivute mara nyingi zaidi kwa dakika. La tano ni kuisukumia hewa kwa feni ya nguvu badala ya kuiachia ivute yenyewe.

Nitatoa mfano wa kweli. Mwaka 1959 kampuni ya BMC ya Uingereza ilitoa motakaa ndogo iliyokuja kujulikana ulimwenguni kote kwa jina la Mini. Aliyeibuni aliitwa Alec Issigonis. Lilikuwa gari la watu wa kawaida, la kumpeleka baba kazini na mama sokoni. Kila silinda ilikuwa na upana wa milimita 62.9, na pistoni ilisafiri milimita 68.26. Mwenye kujua hesabu ataona kwamba silinda nne za kipimo hicho hufanya sentimita za ujazo 848. Injini ile ilikuwa na nguvu za farasi 34 tu. Tena magari ya kwanza ya majaribio yalikuwa na injini ya sentimita za ujazo 948, nayo ikapunguzwa kwa sababu yalikuwa na mbio mno kwa gari la namna ile.

Bwana mmoja aitwaye John Cooper, mwenye kutengeneza magari ya mashindano, aliona kwamba gari hili dogo hushika barabara vizuri kuliko injini yake. Mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper. Ujazo ulikuwa 997, na nguvu ilikuwa za farasi 55. Hapa wasomaji washike kalamu. Kama nguvu ingeongezeka kwa ujazo peke yake, 34 ingezidishwa kwa 997 na kugawanywa kwa 848. Jibu ni 40. Je, nguvu 15 zilizobaki zilitoka wapi? Injini ile mpya ilifikia nguvu yake kuu katika mizunguko 6,000 kwa dakika, na ya zamani katika 5,500. Hilo laongeza nguvu kama 4 hivi. Zilizobaki, karibu 11, zilitokana na pumzi na kubana: kabureta mbili badala ya moja, valvu kubwa zaidi za kuingizia, ekzosi isiyozuia moshi, na kiasi cha kubana kilichopandishwa kutoka 8.3 hadi 9.

Lakini Cooper na wenziwe hawakuishia kwenye injini. Waliweka breki za sahani katika magurudumu ya mbele, kwa kuwa walijua kwamba gari likiongezewa mbio sharti liongezewe na uwezo wa kusimama. Mwaka 1963 walipotoa aina ya Cooper S, yenye ujazo wa 1071 na nguvu za farasi 70, waliweka breki kubwa zaidi, na kranki ya chuma kigumu zaidi ili isivunjike. Gari la namna hiyo ndilo lililoshinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, likiendeshwa na Paddy Hopkirk. Nguvu za farasi 34 zilikuwa zimezidi maradufu katika miaka minne, lakini kila hatua ilifuatwa na kitu cha kuilinda.

Sasa nije kwa gari la mjomba wangu. Ni gari dogo la zamani, lenye kabureta, ujazo wake 1300. Nyumbani ni karibu na Iringa, mahali palipo juu ya bahari zaidi ya mita 1,500. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na kila pumzi ya injini hukosa karibu sehemu 14 katika 100 za hewa ambayo ingeipata pwani. Kwa hiyo gari lililo na nguvu Dar es Salaam huwa mnyonge kidogo huku kwetu, wala si kosa la mtu. Lakini gari la mjomba lilikuwa mnyonge kupita kiasi. Likiwa na watu wanne lilipanda mlima kama mzee mwenye kikohozi.

Wakati huo tulikuwa tumekwisha jifunza katika Fizikia kwamba nguvu ni kazi ikigawanywa kwa muda. Nikamwomba mjomba tupime. Karibu na kwetu pana mlima ulio na daraja chini na kanisa juu, na ramani yaonyesha kwamba tofauti ya kimo ni mita 80. Gari pamoja na watu na mizigo lilikuwa na uzito wa kilo 1,200. Basi kazi ya kulipandisha ni 1,200 mara 9.8 mara 80, yaani jouli 940,800. Tulipita darajani kwa mwendo tulioukadiria, mjomba akakanyaga mafuta mpaka chini, nami nikatazama saa. Tulifika kanisani kwa sekunde 96. Ukigawanya utapata wati 9,800, yaani nguvu za farasi 13. Sisemi kwamba injini ilikuwa na nguvu 13 tu, maana nyingine zilipotea katika gia, upepo na matairi. Lakini 13 ndizo zilizotupandisha mlima.

Mjomba alikwenda katika gereji moja, ambayo sitaitaja, akaeleza haja yake. Waliokuwapo hawakufungua hata chujio la hewa. Walimwambia, "Tutakukwangulia silinda hedi, gari litaruka." Kukwangua silinda hedi ni kupunguza unene wake upande wa chini, ili chumba cha kubania kiwe kidogo. Ni njia ya kweli, ile ya tatu katika zile nilizozitaja. Mimi mwenyewe, kwa kiburi cha mtu aliyesoma vitabu viwili, nilimwambia mjomba, "Ni sawasawa kabisa, mjomba. Hata Cooper alifanya hivyo." Akakubali, akalipa.

Tulipopima tena tulipanda kwa sekunde 90. Nguvu za farasi zilikuwa 14. Tulifurahi, ingawa kusema kweli faida yenyewe ilikuwa ndogo.

Juma la pili mjomba aliteremka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, nami nilikwenda naye pamoja na bibi, aliyekuwa akienda kumsalimu binti yake. Walioifahamu njia ile wanajua kwamba huko bondeni ni joto kali, na kwamba Kitonga ni mlima wenye kona nyingi, upande mmoja ukuta wa mawe na upande wa pili bonde, na malori ya mizigo hayakatiki mchana wala usiku. Tulipoanza kupanda kurudi, tukiwa na magunia matatu, nilisikia injini ikigonga, sauti kama ya mtu atikisaye misumari katika kopo. Mjomba alifikiri ni mzigo tu, akakanyaga zaidi. Kabla ya kufika nusu ya mlima, moshi mweupe ulitoka mbele, injini ikazimika katika kona, na gari likaanza kurudi nyuma polepole. Breki za mguu zilishika kidogo. Breki ya mkono haikushika. Niliruka nje, nikatia jiwe chini ya gurudumu la nyuma. Lori lililokuwa nyuma yetu lilisimama kwa mlio wa kutisha, hatua chache tu kutoka mahali nilipoinama. Tulimtoa bibi, tukamkalisha juu ya gunia kando ya ukuta. Aliponyamaza kutetemeka alituuliza, "Mlikuwa mkitafuta mbio. Mbona sasa tumesimama?" Hakuna aliyemjibu. Tulilala njiani.

Sababu ya mambo hayo nilikuja kuielewa baadaye. Mchanganyiko ukibanwa sana hupata joto. Joto likizidi, sehemu yake hulipuka yenyewe kwa ghafula badala ya kuungua kwa utaratibu kuanzia kwenye plagi. Huko ndiko kugonga. Petroli yenye namba kubwa ya okteni huvumilia kubanwa zaidi. Yenye namba ndogo huvumilia kidogo. Nyumbani Iringa, katika hewa baridi na nyepesi, injini ile ilivumilia. Bondeni, katika hewa nzito yenye joto, na mguu wa mjomba ukiwa mpaka chini, haikuvumilia. Mapigo yale yaliipasua gasketi, maji ya rejeta yakaingia katika silinda, na hedi ikapinda kwa joto.

Gari lilivutwa mpaka kwa fundi mmoja mzee mjini. Nilimwamkia, nikamweleza habari yote pamoja na hesabu zangu. Hakucheka. Aliifungua hedi, akaifunika kila chumba kwa kipande cha kioo chenye tundu, akatia mafuta kwa bomba la sindano mpaka kikajaa. Akijumlisha na unene wa gasketi, chumba kilikuwa na sentimita za ujazo 34. "Kitabu chasema 41," aliniambia. "Silinda moja ni 325. Fanya hesabu yako, mwanangu." Jumlisha 325 na 41, ugawanye kwa 41: utapata 9, ndicho kiasi cha kubana kilichowekwa na watengenezaji. Jumlisha 325 na 34, ugawanye kwa 34: utapata 10.5 na zaidi. Gereji ile haikupima kitu. Ilikwangua tu mpaka hedi ikang'aa.

Mzee alitafuta hedi nyingine iliyotumika, akaifunga. Mjomba alilipa kwa fedha alizojiwekea za kununulia mabati, na nyumba yake ikabaki bila paa mwaka mzima. Kisha mzee akasema jambo lililonishangaza. "Gari hili halikuhitaji kuongezewa nguvu. Lilikuwa limenyang'anywa nguvu, na hakuna aliyeuliza ni nani mwizi."

Alianza kuwatafuta wezi mmoja mmoja. Alinikalisha ndani, akaniambia nikanyage mafuta mpaka chini, naye akachungulia kabureta. Kile kibati kifunguacho njia ya hewa kilifunguka theluthi mbili tu, kwa sababu waya wake ulikuwa umelegea. Miaka mingapi mjomba alikuwa akikanyaga mpaka chini, na injini haijui! Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi jekundu kama tofali. Nafasi za valvu zilikuwa zimebana, hata valvu za kutolea hazikufunga sawasawa. Cheche ilikuwa ikitoka kwa kuchelewa. Mwisho aliinua gari kwa jeki, akazungusha magurudumu kwa mkono. Matatu yalizunguka, la nyuma la kushoto lilikuwa gumu, breki yake ikisugua mchana kutwa, nayo ilipohitajika Kitonga ilikuwa imekwisha lika. Akairekebisha, akakaza na breki ya mkono. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia mjomba, naye mjomba akaitikia kwa kichwa.

Tulirudi kwenye mlima wetu, uzito ule ule, mwendo ule ule darajani. Nilitazama saa, nikadhani imeharibika. Sekunde 70. Gawanya jouli 940,800 kwa 70: ni wati 13,440, nguvu za farasi 18. Kukwangua kulituletea nguvu 1 na hasara kubwa. Kulitunza gari kulituletea nguvu 5, na vitu vilivyonunuliwa vilikuwa chujio, plagi, waya na viatu vya breki.

Pengine msomaji atauliza, je, wale wanaotaka zaidi ya hapo wafanyeje? Siku hizi njia iliyoshinda ni ile ya tano. Moshi utokao katika injini huzungusha feni ndogo, nayo feni hiyo huzungusha nyingine isukumayo hewa ndani ya silinda. Chombo hiki huitwa tabo. Mwaka 2012 kampuni ya Ford ilitoa injini yenye silinda tatu na ujazo wa 999, yaani karibu sawa na ile ya Mini Cooper ya mwaka 1961, lakini ile yenye nguvu zaidi ilitoa kilowati 92, karibu nguvu za farasi 123. Hata hivyo injini ile ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya tabo: pistoni, mafuta, maji ya kupoza na kompyuta isikilizayo kama injini inagonga. Kuchukua tabo ya gari jingine na kuifunga katika injini isiyotayarishwa ni kurudia kosa letu la Kitonga kwa gharama kubwa zaidi.

Tena tukumbuke kwamba nguvu si kitu peke yake. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1963, yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, gari la nyumbani ambalo wazee wetu wengi walilipanda kama teksi. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, walishinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Katika matope na mawe ya njia zile, gari lililoshinda ni lile lililofika.

Basi, ndugu zangu, mkitaka kuliongezea nguvu gari la nyumbani, fuateni taratibu hii. Pimeni kwanza, ili mjue mnaanzia wapi. Mlima, saa na ramani vyatosha. Kisha rudisheni nguvu iliyopotea: njia ya hewa, waya wa mafuta, valvu, plagi, cheche, breki zinazosugua, na matairi yasiyo na upepo wa kutosha. Pimeni tena. Kama bado haitoshi, ndipo mfikirie kuongeza, na kila mnachoongeza mwulize kitalindwa na nini: breki zatosha? rejeta yatosha? petroli tuipatayo yafaa kwa kubana huku? Fundi asiyetaka kupima kabla ya kukata, mwageni kwa heshima.

Mimi sasa sibishani tena mbele ya bweni. Mtu akisema gari la kwao limeongezewa nguvu, namwuliza tu limepanda mlima gani, kwa sekunde ngapi, na breki zake zikoje.